Kabla hujamfuata mtakwimu: somo kwa wanaotafiti saratani Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum. Wengi wetu humtafuta mtakwimu data zikishajaa kwenye kompyuta. Mfuate dodoso likiwa bado rasimu, na kabla pendekezo halijaenda kamati ya maadili, maana huko utaulizwa ukubwa wa sampuli umeupataje.

Hatua ya 1: Swali. "Nataka kuangalia saratani ya matiti" si swali. "Waliofika hospitali uvimbe umeshasambaa huishi muda gani, wakilinganishwa na waliowahi?" Hapo mtakwimu ana pa kuanzia.

Hatua ya 2: Idadi. Ile sampuli ya watu 385 inayonakiliwa kutoka tasnifu hadi tasnifu ni ya kukadiria asilimia, kwa mfano wanawake wangapi wa Micheweni wamewahi kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Tena ni kwa sampuli ya nasibu ya moja kwa moja, yaani kila mtu anachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha moja. Ukichagua shehia kwanza, kisha nyumba, idadi lazima ipande, kwa sababu watu wa shehia moja hufanana.

Kwenye muda wa kuishi mambo ni mengine kabisa: kinachohesabiwa ni vifo, si mafaili. Kadirio la kawaida ni vifo 10 kwa kila kigezo (kama umri) unachokiingiza kwenye modeli ya Cox, hesabu inayopima kwa pamoja vigezo vinavyoathiri muda wa kuishi. Mafaili 120 yenye vifo 30 yanabeba vigezo vitatu tu.

Hatua ya 3: Tarehe. Hapa ndipo tafiti zetu nyingi huzama. Unahitaji tarehe ya ugonjwa kugunduliwa, tarehe ya mwisho mgonjwa kuonekana, na hali yake siku hiyo: hai au amefariki. Mgonjwa akivuka kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi, faili la huku linaweza kunyamaza. Usimfute, wala usimhesabu kuwa amefariki. Njia ya Kaplan na Meier ya 1958, inayochora ni wagonjwa wangapi bado wako hai kadiri muda unavyopita, inamhesabu mpaka siku ya mwisho aliyoonekana. Lakini inachukulia kuwa waliopotea hawana hatari kubwa kuliko waliobaki. Kama wamepotea kwa sababu wamezidiwa wakarudi nyumbani, mchoro wako utapendeza kuliko ukweli. Kwa hiyo omba kibali cha kupigia simu jamaa zao tangu mwanzo. Wakikwambia "alifariki baada ya Idi", uliza Idi ipi, ya mwaka gani. Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Hatua ya 4: Jedwali. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Namba badala ya jina. Rangi za kupamba hazina kazi.

Hatua ya 5: Makubaliano. Malipo, muda, na kama jina la mtakwimu litakuwemo kwenye makala. Yaandikwe.

Maswali ya wanachama

*Maalim, hapa Chake nina mafaili 60 tu. Niache?*
Usiache, dada. Eleza wagonjwa ulionao, toa makadirio pamoja na masafa ya kujiamini (confidence interval), yaani kutoka wapi hadi wapi jibu la kweli linaweza kuwa. Modeli yenye vigezo vinane isahau.

*P yangu (kipimo cha kama tofauti niliyoipata ingeweza kutokea kwa bahati tu) ni 0.07. Nikiondoa wagonjwa wawili inashuka chini ya 0.05 inayozoeleka.*
Wawili hao wamekukosea nini? Warudishe, uripoti 0.07.

*Programu ya takwimu ya SPSS ni ghali, nifanyeje?*
Programu ya R ni ya bure, na pakiti yake iitwayo survival inafanya hesabu za Kaplan na Meier na za Cox.