Kuhesabu ndege kwa masikio msituni Kakamega

Mtu akija msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kuhesabu ndege mara ya kwanza anabeba darubini kubwa shingoni, na saa moja baadaye ameona majani, majani, na mkia wa hondohondo ukipotea. Msitu huu umefunga juu, so karibu kila kitu utakachoandika utakuwa umekisikia tu. Darubini beba, lakini masikio ndio kazi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umesimama kwa pointi yako ya kwanza, yaani mahali pa kusimama na kuhesabu, si ndio unashuka boda. Ikifika saa nne ndege wengi washanyamaza. Ukifika tulia dakika mbili hivi bila kuandika kitu, maana umewashtua, halafu ndio uanze dakika kumi zako za kuhesabu.

Kwa daftari chora duara, katikati ni wewe. Kila sauti iweke upande ilikotokea, ndani ya duara kama iko chini ya mita hamsini, nje kama ni mbali. Hii ndio inakuokoa usihesabu ndege mmoja mara tatu. Wa kupita juu tu, kama kwarara wakienda zao na zile kelele zao, waandike pembeni. Na tumia penseli, karatasi ikilowa umande wa huku biro inakataa kuandika.

Sasa sauti zenyewe. Usijaribu kukariri ndege hamsini kwa wiki, anza na watano sita, na usikimbilie jina, sikiza kwanza mapigo na mahali anapumua. Kuna kitororo mmoja, yule wa kiuno cha manjano, ni kadogo sana lakini kanapiga kama mtu anagonga chuma: tok-tok-tok-tok, kimya, tok-tok-tok-tok-tok, kimya. Mimi huandika nukta nne, nafasi, nukta tano. Kekeo wa kifua chekundu, yule wazee wanasema anaita mvua, ana noti tatu zinashuka kama ngazi, kwa hivyo nachora ngazi tatu. Kuna hua wa msituni anaanza polepole, du... du... du, halafu anaongeza kasi kama mpira ulioangushwa sakafuni. Hondohondo hata asipolia utamjua kwa mabawa, yanavuma ukidhani kuna mtu anapepeta mahindi juu ya mti. Shorobo mkubwa wa bluu naye anatoa kok-kok-kok nzito ya kooni, ukimsikia angalia juu haraka, huyo huwa anaruka ruka kwa matawi na anaonekana.

Na ukisikia mngurumo kama pikipiki imekataa kuwaka, huyo si ndege, ni mbega. Usicheke, nishaona mtu ameandika.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika aina nne kwa kichaka kimoja nikajiona fundi. Mzee tuliyekuwa naye akaangalia daftari, akaniambia, "Kijana wangu, hao wanne ni mmoja." Alikuwa ni yule ndege wa utosi mweupe na kifua cha rangi ya chungwa, anaiga wenzake mpaka aibu, anatoka kwa kekeo anaingia kwa tai bila kupumua. Dalili yake ni hiyo: sauti zote zinatoka mahali pamoja, hazigongani hata siku moja, na hiyo ya kekeo inakuwa nyembamba kidogo. Tangu siku hiyo nikisikia ndege wengi sana upande mmoja nashuku kwanza.

Apu za simu za kutambua sauti zinasaidia jioni ukiwa unajifunza, na kwa xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, kuna rekodi za bure unaweza kusikiza ukiwa nyumbani, lakini usiachie simu ikuamulie. Na tafadhali usicheze rekodi ukiwa kwa pointi, ndege atakuja kupigana na spika yako na hesabu imeharibika.

Sauti usiyoijua andika "sijui 1", "sijui 2", usibahatishe. Irekodi sekunde thelathini, elekeza simu kule inatoka, halafu ukimaliza sema kwa sauti yako saa ngapi na pointi namba ngapi, juu kesho asubuhi utakuwa na faili ishirini zote zinafanana na mzee atakuuliza hii ilikuwa wapi.