Namna ya Kusoma Vitabu vya Akili Mnemba Bila Kubabaishwa

Nimefanya kazi ya ukutubi hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa naongoza kikundi kidogo cha wasomaji kinachokutana Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Yumo mwalimu wa hesabu, muuguzi, dada anayehudumia wateja benki, na vijana wawili wa bodaboda. Wote walikuja na swali moja: hii akili mnemba, ambayo Waingereza huiita AI, yaani kompyuta zinazofanya kazi zinazohitaji akili ya binadamu, itatufanya nini? Vitabu vinavyojaribu kulijibu ni vingi, karibu vyote vya Kiingereza, na vingi kati yake ama vinatisha ama vinasifia kupita kiasi. Ninachowaambia wenzangu ndicho ninachokuambia wewe: anza na kitabu kinachoeleza jambo lililokwisha kutokea, kwa watu wanaojulikana, mahali panapojulikana. Vya utabiri vitakungoja.

Kabla ya sura ya kwanza, tazama mwaka wa kuchapishwa. ChatGPT, ile programu unayoiandikia swali nayo ikakujibu, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo hakina habari zake. Hiyo haina maana kwamba cha zamani kimechuja. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyokuwa ikimjibu mtu kwa kumgeuzia maneno yake mwenyewe, kama afanyavyo mtoa ushauri nasaha. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Jambo hilo lilimkaa Weizenbaum rohoni. Mwaka 1976 akatoa kitabu kizima, Computer Power and Human Reason, akisema yapo maamuzi ambayo kompyuta isikabidhiwe hata kama inayaweza. Muuguzi wetu aliposikia kisa hicho alinyamaza kidogo, kisha akasema wapo wagonjwa wanaoiuliza simu kuhusu dawa zao kabla ya kumuuliza yeye.

Ukishaona mwaka, geuza kitabu uende nyuma, kwenye faharasa, ile orodha ya majina na mada pamoja na kurasa zake. Wasomaji wengi hawaifungui kabisa, nami naiona ndiyo mlango wa kitabu cha aina hii. Tafuta nchi yako, jirani zako, bara lako. Tafuta neno la wafanyakazi, la maji, la umeme, la madini. Katika Empire of AI cha Karen Hao, kilichotoka 2025, utaikuta Kenya, maana mwandishi alikwenda kuzungumza na watu wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na uchafu siku nzima ili mashine ifundishwe kuyakwepa. Januari 2023 jarida la Time lilikuwa limeripoti kwamba wafanyakazi wa kazi hiyo, walioajiriwa na kampuni iliyopewa zabuni na OpenAI, wenye ChatGPT, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kitabu kinachojinadi kuwa kinaeleza dunia nzima, na faharasa yake haina Afrika hata mstari mmoja, usikitupe. Kisome tu ukijua kuwa mwandishi anazungumzia kwao.

Sasa takwimu, na hapa ningependa twende polepole, kwa sababu ndipo watu wanapobabaishwa zaidi. Karibu kila kitabu kuhusu ajira kitakuletea asilimia 47. Namba hiyo ilitoka kwa watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, mwaka 2013. Walichambua aina 702 za kazi za Marekani wakakadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za nchi hiyo zimo katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Mwaka 2016 watafiti wengine wakafanya hesabu kwa ajili ya OECD, ule umoja wa nchi zilizoendelea, wakapata asilimia 9. Mashine ni zile zile, nao wote ni wasomi wa kuaminika. Tofauti ni kwamba wa kwanza waliihesabu kazi nzima kama kitu kimoja, wa pili wakaipasua katika shughuli ndogo ndogo za kila siku. Karani wa benki hahesabu fedha tu, humtuliza pia mteja aliyekasirika na humwelekeza mzee asiyejua kujaza fomu. Dada wa benki alipolielewa hilo alichukua daftari akaorodhesha shughuli zake zote za wiki, akaweka alama kwenye zile ambazo tayari zimehamia kwenye simu. Orodha ile ilitufunza kuliko sura nzima.

Kwa hiyo ukikutana na asilimia, simama. Jiulize ni asilimia ya nini, ya nchi gani, ya mwaka gani, na aliyehesabu alihesabu nini. Kisha fuata kinamba kidogo cha tanbihi hadi nyuma ya kitabu uone imetoka wapi. Ukikuta haina chanzo, iache pale pale, usiende nayo kijiweni. Na kumbuka kwamba mama lishe, fundi cherehani na mchuuzi wa samaki wa Deep Sea hapa Tanga hawamo katika orodha ile ya kazi za Marekani.

Kitabu cha kuanzia? Kwa maoni yangu ni Automating Inequality cha Virginia Eubanks, cha mwaka 2018. Kina visa vitatu vya Marekani, na cha jimbo la Indiana peke yake kinatosha kwa mwezi mzima. Jimbo lile liliweka mfumo wa kompyuta kuamua nani apate msaada wa chakula na matibabu. Katika miaka mitatu maombi milioni moja yakakataliwa, kwa sababu kosa lolote katika fomu lilisomwa na mfumo kuwa mwombaji amekataa kutoa ushirikiano. Ukimaliza hicho, chukua Weapons of Math Destruction cha Cathy O'Neil, mtaalamu wa hisabati aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya uwekezaji. Hicho ni cha 2016. Mwanzoni utamkuta mwalimu wa Washington aliyesifiwa na mkuu wake na wazazi, akafukuzwa kwa alama zilizotolewa na hesabu ambazo hakuna aliyeweza kumfafanulia. Mwalimu wetu wa hesabu aliisoma sehemu ile kwa sauti mara mbili.

Kila kisa kiandikie mambo manne kwenye daftari: nani aliamua mashine iwekwe, nani iliwagusa, ilipokosea walilalamika kwa nani, na baada ya hapo nini kilibadilika. Jambo la tatu ndilo zito. Vitabu vingi vinaeleza vizuri jinsi mashine ilivyokosea, lakini ni vichache vinavyokuonyesha mlango aliobisha aliyeumia.

Mambo hayo manne yakishakukaa, yalete nyumbani. Vijana wetu wa bodaboda walisoma habari za Indiana wakaanza kuzungumzia mikopo ya simu, ambako programu inakukubalia au kukukatalia kwa dakika moja bila kukueleza sababu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Basi tukaweka pembeni ya kitabu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tukaisoma kifungu kwa kifungu. Aliye Kenya anayo sheria ya 2019, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Soma kitabu na sheria kwa pamoja. Kimoja kinakupa kisa, kingine kinakupa pa kushika.

Vitabu vya utabiri sasa. Visome viwili vinavyopingana, usisome kimoja. Superintelligence cha Nick Bostrom, cha 2014, kinaonya kuhusu mashine itakayompita binadamu kwa akili. AI Snake Oil cha Narayanan na Kapoor, cha 2024, kinaonyesha jinsi programu nyingi zinazouzwa kwa madai ya kutabiri mwenendo wa mtu zisivyofanya kazi inavyodaiwa. Uliza pia mwandishi anapata wapi riziki yake. Kai-Fu Lee, aliyeandika AI Superpowers mwaka 2018, aliwahi kuongoza Google nchini China na ni mwekezaji katika kampuni za teknolojia. Ana mengi ya kufundisha kuhusu China, ila ujue amekaa upande gani wa meza.

Kiingereza kikikuchosha, ruka kurasa za hesabu bila wasiwasi, na mwisho wa kila sura msimulie mtu ambaye hajaisoma. Mimi humsimulia shangazi yangu jikoni. Akiniuliza swali nikakosa jibu, narudi kwenye sura.

Bei ni kikwazo, najua, na kitabu kipya kutoka nje ni ghali mno kwa mshahara wa mwalimu. Ulizia maktaba ya mkoa, changeni kikundi kizima kununua nakala moja, au anzeni na vya bure. Kate Crawford na Vladan Joler walichora mwaka 2018 ramani kubwa iitwayo Anatomy of an AI System, inayofuata spika moja ya nyumbani, ile inayokujibu ukiisemesha, kuanzia madini hadi jalalani, nayo iko wazi mtandaoni. Upo pia utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka huo huo, uitwao Gender Shades, kurasa 15 tu. Walipima programu za kutambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, na kwa wanawake weusi yakapanda hadi asilimia 34.7. Chapisha jedwali la matokeo, mpe kila mtu nakala yake, na kikao cha kwanza kiwe cha jedwali hilo peke yake.