SOMO: Kupiga picha mnara wa taa wa Ras Mkumbi, Mafia (msinifuate tena inboksi)

Wakuu habari za muda huu. Tangu nirushe ile picha ya mnara kila siku naulizwa umefikaje umefikaje, sasa naandika mara moja tu, atakayeuliza tena nampa linki.

Kwa asiyeujua, ni mnara wa Mjerumani wa mwaka 1892, uko ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, mbele ya kijiji cha Bweni. Una kama mita 15 tu kwenda juu, usitegemee jengo la kutisha, uzuri wake ni ule upweke na chokaa inavyobanduka.

1. Fika Mafia. Ndege toka Dar au chombo toka bandari ya Nyamisati, bara.

2. Lala Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, chaji betri zote.

3. Bodaboda mpaka Bweni, kama kilomita 50, weka masaa mawili. Elewaneni bei ya kwenda NA kurudi NA kusubiri kabla hujapanda.

4. Bweni anzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Mnara ni mali ya serikali, usipande ngazi kama unaingia kwa shangazi yako.

5. MAJI. Hapa ndo nilipoumia. Mara ya kwanza nilienda mwezi mpevu, nikijua utachomoza baharini jua likizama na picha itakuwa kali. Saa nne asubuhi maji yametoka, mwamba wote uko nje, nikashuka nikachagua kijiwe changu nikasema jioni nasimama hapahapa. Saa tisa nikarudi, maji yanakuja ila kijiwe bado kikavu, nikasimamisha tripodi, begi nikaliegemeza nyuma yangu, jicho kwenye kamera. Kuja kugeuka begi linaelea. Lenzi mbili zimekunywa chumvi na njia niliyoshukia haipo, ikabidi nikwee jabali kwa mikono, goti lina alama mpaka leo.

Mwezi mpevu na mwezi mchanga ni bamvua, yaani maji yanatoka mbali na kujaa sana, yanakauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku saa hizo zinachelewa kama dakika 50. Kwahiyo ukitaka kupiga jioni ukiwa chini, nenda maji mafu (kinyume cha bamvua), tarehe 8 mpaka 10 au 23 mpaka 25 za mwezi wa Kiislamu, hapo maji yanatoka jioni. Hayatoki mbali ila unapata pa kukanyaga. USIACHE begi chini. USISHUKE peke yako. Mwenyeji akisema panda, panda, picha utamalizia juu.

6. Jioni jua linazama upande wa bara, simama magharibi ya mnara ulipe jua mgongo. Ukitaka kivuli cheusi zunguka mashariki.

7. Futa lenzi kila baada ya dakika chache, wakati wa kusi upepo una chumvi balaa.

MASWALI

Chuma_Dar: Mkuu umetumia kamera gani?
– Kamera. Soma namba 5.

Mtoto wa Mbagala: Tuma lokesheni
– Ncha ya kaskazini. Ukiona bahari mbele, kushoto na kulia, umefika.

Fundi Saa: Hapo uzembe ni wako, nani anaacha begi baharini
– Nimesema nini hapo juu, si nimesema nilikosea? Ningekuwa naona aibu nisingeandika.

Bi Mwanaisha: Kaka asante kwa somo. Mimi nina simu tu, na huko nasikia mtandao wa kubahatisha. Nitajuaje bamvua bila intaneti?
– Dada hilo ndo swali. Angalia mwezi wenyewe. Ukiwa mzima au haupo kabisa ni bamvua, ukiwa nusu ni mafu, ila maji yanachelewa nyuma ya mwezi siku moja hivi. Au muulize mvuvi yeyote leo mwezi ngapi, wanahesabu miezi ya Kiislamu, atakwambia na saa ya maji bila kuangalia popote. Na simu inatosha kabisa, gusa skrini kwenye ukuta wa mnara ndo ushushe mwanga, mawingu yasiungue.

Droni_Boy: Naruka na droni freshi tu eh?
– Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga unacho? Basi bado.

Babu Kaole: Ni kweli Mwingereza aliivamia Mafia kwa ajili ya meli?
– Kweli mzee. Waliichukua Januari 1915, wakarusha ndege toka hapo kuitafuta Königsberg, meli ya vita ya Mjerumani iliyojificha delta ya Rufiji, ikamalizwa Julai 11 mwaka huohuo. Ukiwa mnarani ukitazama bara, kusini kidogo, delta iko upande huo.

Bi Mwanaisha: Kaka kumbe nikienda Novemba nitaona na papa potwe?
– Ndiyo, wanakuja Oktoba mpaka Machi, upande wa Kilindoni. Papa asubuhi, mnara siku nyingine, usibananishe. Halafu vaa raba, sio ndala, ule mwamba ni wembe.