Kupunguza uzito wa hazina kubwa ya Git: hatua kwa hatua

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata hapa Mwanjelwa na kompyuta yake mkononi. Tangu asubuhi alikuwa amejaribu mara tatu kunakili hazina ya msimbo ya ofisi yao, na kila mara mstari wa "Receiving objects" ulifika asilimia 83 kisha mtandao ukakatika. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, haiendelezi unakili uliokatika. Huanza upya, na bando lililokwisha kuliwa halirudi. Programu yenyewe ni ya kusajili mashamba ya parachichi ya Rungwe, na msimbo wake haufiki hata MB 15.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Kwenye kompyuta ambayo tayari ina hazina kamili, andika `git count-objects -vH` na utazame `size-pack`, yaani ukubwa wa data yote iliyofungashwa. Ya kwao ilikuwa GB 4.2. Namba hiyo ikiwa kubwa kuliko mafaili unayoyaona kwenye folda, mzigo uko kwenye historia. Ikiwa ndogo lakini `git status` inasuasua, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: Pata nakala bila kumaliza bando

Tumia `git clone --filter=blob:none` ikifuatwa na anwani ya hazina. Utaletewa komiti zote (kumbukumbu za kila badiliko lililohifadhiwa), ila yaliyomo ndani ya mafaili ya zamani yataletwa pale tu yatakapohitajika. Wengi hupendekeza `--depth 1`, inayoleta komiti ya mwisho tu, lakini mimi siipendi kwa mtu atakayeifanyia kazi hazina kila siku, kwa kuwa humwacha bila historia ya kurejea. Mwenzako akiwa karibu, njia bora kuliko zote ni flashi: yeye aandike `git bundle create hazina.bundle --all`, wewe unakili kutoka kwenye faili hilo, kisha uelekeze `origin`, jina la mahali nakala yako ilikotoka, kwenye seva kwa `git remote set-url`.

Hatua ya 3: Ondoa mafaili mazito kwenye historia

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo naomba uvumilivu wa msomaji. Kufuta faili na kuliandika kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git huyapuuza, hakupunguzi hata kilobaiti moja, kwa sababu komiti za zamani bado zinalishikilia. Achana na `git filter-branch`, amri ya zamani ya kuandika upya historia, ambayo hata mwongozo rasmi wa Git hauishauri; sakinisha `git filter-repo`, inayohitaji Python.

Fanya kazi kwenye nakala mpya iliyo kamili, si ile iliyochujwa katika hatua ya 2. Ukinakili kutoka folda nyingine ya kompyuta hiyohiyo, ongeza `--no-local`, la sivyo `filter-repo` itagoma kwa kudhani kwamba nakala si mpya. Anza na `git filter-repo --analyze`, kisha fungua `.git/filter-repo/analysis/path-all-sizes.txt`. Kwa kijana yule, mistari yote ya juu ilikuwa picha za setilaiti za mashamba, toleo juu ya toleo, ambazo Git haiwezi kuzibana zaidi kwa kuwa zilikwisha kubanwa. Ndipo tukaandika:

`git filter-repo --strip-blobs-bigger-than 10M`

Amri hii haichagui ya zamani peke yake: faili la leo lenye ukubwa huo nalo hutoweka, kwa hiyo picha unazozihitaji zihamishie kwingine mapema. Pia huondoa `origin` kwa makusudi ili usisukume (usitume mabadiliko kwenye seva) kwa bahati mbaya. Utairudisha mwenyewe kwa `git remote add`. Zaidi ya yote, utambulisho wa komiti hubadilika kuanzia ile ya kwanza iliyoguswa, na hilo ndilo lililoniponza. Siku ile nilimaliza saa nne usiku, nikasukuma kwa `--force`, yaani kwa kulazimisha historia mpya ichukue nafasi ya ile ya seva, nikalala. Asubuhi mwenzangu aliyekuwa Tukuyu, ambaye sikumwambia lolote, akavuta mabadiliko kutoka kwenye seva, akaunganisha historia mbili na kusukuma kazi yake. Mizigo yote ikarudi picha kwa picha. Siku hizi siigusi amri hiyo kabla kila mtu hajasukuma kazi yake, na kabla sijampigia simu mmoja mmoja, akakubali kufuta nakala yake na kunakili upya. Ujumbe kwenye kundi hautoshi, maana daima yupo asiyeusoma.

Hazina ya kijana ilishuka hadi MB 38. Usishangae seva ikionyesha ukubwa wa zamani kwa muda. Huenda bado haijafagia data isiyotumika tena.

Hatua ya 4: Harakisha matumizi ya kila siku

Andika `git config feature.manyFiles true`, mpangilio wa hazina zenye mafaili mengi. Kwenye Windows na macOS, kuanzia toleo la 2.37, ongeza `git config core.fsmonitor true`, ili Git isikague kila faili upya. Kama unashughulikia folda moja tu, `git sparse-checkout set` na jina lake itakupunguzia folda nyinginezo.

Mwisho, `git maintenance start` hupanga na kufagia hazina nyuma ya pazia. Lakini kila saa huchota pia mabadiliko kutoka kwenye seva, kwa hiyo mwenye kutumia bando la simu azime kipengele hicho kwa `git config maintenance.prefetch.enabled false`.