Unataka kupangisha nyumba kwa wageni wa siku mbili tatu? Haya yaweke sawa kwanza

Watu wengi wakifikiria kupangisha nyumba kwa siku wanawaza picha kali na bei basi, afu mgeni wa kwanza tu akiondoka wameshachoka. Kazi yenyewe iko kwenye yale masaa machache kati ya mgeni anayetoka na anayeingia. Ukisema kutoka mwisho saa tano asubuhi na kuingia kuanzia saa tisa mchana maana yake una masaa manne, na humo humo kuna kufagia, kupiga deki, kubadili shuka, kukagua vilivyovunjika, kujaza sabuni na tishu, na fundi naye kama bomba limeanza kuvuja. Kwa hiyo chochote unachonunua au kupanga jiulize, kinanisaidia au kinanichelewesha kwenye hayo masaa manne?

Ila kabla hujanunua hata kijiko hakikisha unaruhusiwa. Kama we mwenyewe ni mpangaji ongea na mwenye nyumba mapema na upate ruhusa kwa maandishi, kama ni gorofa ya watu wengi uliza uongozi wa jengo, na serikali ya mji nayo ina sheria zake. New York kwa mfano tangu Septemba 2023 wanakaza kweli, wageni wa chini ya siku 30 lazima ujisajili na uwe unakaa humo humo nao. Bima pia iulizie, ya kawaida ya nyumba mara nyingi hailipi hasara ikijulikana ulikuwa unafanya biashara.

Afu kalale humo. Siyo kupita mchana na kusema pako poa, nasema lala usiku mzima na begi lako kama mgeni, uoge, upike, ufue hata soksi. Ndo utajua kwamba ukishapanda kitandani inabidi ushuke tena kuzima taa ya mlangoni, soketi iko nyuma ya kabati kwa hiyo simu inachajiwa sakafuni, pazia linapitisha mwanga alfajiri yote, na bafuni hamna pa kutundika taulo wala pa kuweka nguo kavu. Mgeni hakwambii hayo, anakupa nyota tatu anaenda zake. Vingi kati ya hivyo ni ndoano mbili, ekstensheni na taa ndogo ya pembeni, jioni moja umemaliza.

Shuka na taulo usibane matumizi. Kila kitanda seti tatu, moja imetandikwa, moja iko kwenye kufuliwa, moja kabatini inasubiri, maana siku mashine ikigoma au mvua ikishinda ndo utaelewa ile ya tatu ni ya nini. Nunua nyeupe zote za aina moja, doa linaonekana mapema na unaweza kuloweka kwenye dawa ya kung'arisha bila kuogopa rangi, na ikichanika foronya unabadilisha hiyo tu. Godoro na mito viwe na kava zisizopitisha maji. Weka na kitaulo cheusi bafuni kwa ajili ya kufutia mekapu, utaokoa taulo nyeupe nyingi sana.

Usalama sasa, hapa sibembelezi mtu. King'ora cha moshi kiwepo na kijaribiwe, mtungi wa kuzimia moto uwe mahali panapoonekana, na kama kuna kifaa chochote cha gesi au cha kuni weka na king'ora cha kaboni monoksaidi, hiyo hewa haina rangi wala harufu na watu wanafia usingizini. Kamera ndani usiweke kabisa, Airbnb wenyewe, ule mtandao wa kutangaza nyumba za kupangisha kwa siku, wamezipiga marufuku ndani ya nyumba tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni. Ya nje pale mlangoni sawa, ila itaje kwenye tangazo.

Ukitangaza nyumba kwenye mitandao miwili unganisha kalenda zake za wageni, na ujue hazisomani papo hapo, kuna muda unapita hapo katikati na ndo watu wawili wanabuki siku moja. Mwanzoni acha siku moja wazi kati ya wageni mpaka uzoee.

Kufuli ya namba ni nzuri, badilisha namba kila mgeni, ila betri zinaisha kwa hiyo funguo ya akiba iwe kwa mtu wa karibu anayepokea simu usiku.

Msafishaji mfanyie majaribio kabla, asafishe nyumba nzima we unaangalia saa, mkubaliane malipo kwa kila zamu na awe anakutumia picha za kila chumba akimaliza, hizo ndo ushahidi wako siku mgeni akivunja kioo akasema amekikuta hivyo. Na uwe na wa pili, huyo wa kwanza naye anaumwa kama watu wengine. Stoo moja ifungwe iwe yenu tu, humo weka balbu, betri, rimoti ya ziada, pampu ya kuzibulia sinki na kikaratasi chenye namba za fundi bomba na fundi umeme.