SOMO: Mbona Jua halipatwi kila mwezi? Pima mwenyewe kwa gololi, chungwa na mbao ya mita 2

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linajibiwa kwa maneno matupu halafu wiki ijayo linaulizwa tena. Mwezi hupita upande wa Jua kila baada ya siku 29 na nusu. Kama unapita hapo, mbona hauzibi Jua kila unapopita? Badala ya kubishana, tengeneza kifaa hiki. Ukiwa na vitu mkononi ni kazi ya saa moja, na unaweza kukifanyia kazi uwanja wowote wa Arusha au Moshi wenye jua kali. Soma hatua zote kabla ya kuuliza.

VIFAA
Gololi ya kawaida (milimita 16), chungwa dogo, mishikaki 2 ya mbao, solotepu nyeusi ya umeme, rula na mbao ya inchi 2 kwa 1 yenye urefu wa mita 2, iliyonyooka.

HATUA YA 1: Chagua chungwa
Zungushia uzi kwenye tumbo lake. Uzi ukifika sentimita 18 na nusu, kipenyo ni 5.9, na hiyo ndiyo Dunia yako. Chungwa la ukubwa huo likikosekana, finyanga udongo.

HATUA YA 2: Funga gololi kwa solotepu
Ifunike yote, tabaka moja, bila kuacha tundu. Kioo kitupu hakitupi kivuli cha kweli: mwanga hupenya, hujikusanya, na katikati ya kivuli unapata nukta inayong'aa badala ya giza. Ibandike kwenye ncha ya mshikaki.

HATUA YA 3: Pima umbali
Toboa mbao kwa msumari sehemu mbili, sentimita 177 kutoka tundu hadi tundu, uchomeke mishikaki. Umbali ni wa katikati ya chungwa hadi katikati ya gololi. Kwa kipimo hiki sentimita 1 ni takriban kilomita 2,170. Picha za vitabuni huweka Mwezi kiganja kimoja tu kutoka Dunia, na hapo ndipo watu wanapotea. Jua kwa kipimo hiki lingekuwa na upana wa mita 6.4, umbali wa mita 690. Hatulijengi. Tunatumia lile lile la angani, kwa sababu ukubwa wake machoni petu ni nusu nyuzi, na vivuli vyako vitakuwa na umbo sahihi bila kukisia chochote.

HATUA YA 4: Sawazisha vimo, na hapa tulia
Hapa ndipo wengi tunaharibu, mimi nikiwemo. Katikati ya chungwa iwe sentimita 5 juu ya mbao. Katikati ya gololi nayo iwe sentimita 5, si 4, si 6. Kwa umbali huu, kosa la nyuzi 1 tu linasogeza kivuli sentimita 3, nacho kivuli chote cha gololi kikifika kwenye chungwa kina upana wa sentimita 3 hivi pamoja na ukungu wake, yaani kivuli hafifu cha pembeni. Ukikosea kimo utahangaika nusu saa ukilaumu mawingu. Simamisha mbao kwa upande wake mwembamba ili isipinde, na ishikwe na watu wawili, kila mmoja mwisho wake. Fito mbichi usitumie: zinapinda mkononi na kipimo chote kinakufa.

ONYO LA MACHO: usilenge kwa kuchungulia Jua kupitia gololi. Hata sekunde chache zinaweza kuunguza retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), na retina haiumi inapoungua, kwa hiyo hutajua mpaka baadaye. Lenga kwa vivuli. Tazama kivuli cha mbao ardhini au kwenye karatasi nyeupe iliyoshikwa nyuma yake: kikijikunja mpaka kikawa kama mwisho wa mbao tu, mbao imeelekea Jua. Anza na kupatwa kwa Mwezi, yaani chungwa upande wa Jua na gololi mbali, kwa sababu macho yote yanatazama kule Jua lisikokuwa. Ukigeuza kwa kupatwa kwa Jua, simama ubavuni na utazame chungwa tu. Watoto wakae nyuma ya mstari.

Fanya saa 3 asubuhi au saa 10 jioni. Adhuhuri kwetu Jua liko karibu na utosi na utalazimika kuisimamisha mbao kama mlingoti.

HATUA YA 5: Inua Mwezi
Ukiwa umepata kivuli juu ya chungwa (ukungu mpana, giza dogo sana katikati), usisogeze mbao. Pandisha mshikaki wa gololi kutoka sentimita 5 hadi 21. Kivuli kinaruka juu ya chungwa, hakigusi kabisa.

Hizo sentimita 16 ndizo jibu. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 na kidogo kulinganisha na njia ya Dunia kuzunguka Jua. Kwa hiyo miezi mingi Mwezi hupita juu au chini ya mstari wa Jua na Dunia. Fanya vivyo hivyo na Mwezi mpevu: kivuli cha Dunia mahali pa Mwezi kina upana wa sentimita 4 hivi kwa kipimo chetu, nao Mwezi unaweza kupita 16 juu yake.

HATUA YA 6: Mbona basi hupatwa mara chache kwa mwaka?
Weka taa katikati ya chumba. Shika ungo wenye chungwa katikati. Ukingo wa ungo ndio njia ya Mwezi. Uinamishe kidogo, upande ulioinuka uelekee Mlima Meru (walioko Moshi, Kibo). Sasa izunguke taa, na upande huo uendelee kuelekea mlima, usigeuke nao. Ukiwa kaskazini au kusini mwa taa, ukingo unaoelekea taa uko chini au juu: hakuna kupatwa. Ukiwa mashariki au magharibi, ukingo uko sawa na taa: hapo kupatwa kunawezekana. Ni vipindi viwili vya mwezi mmoja na ushei kila kimoja, na ndiyo maana kupatwa huja kwa jozi, wiki mbili kati yake. Mwezi ulipatwa kikamilifu tarehe 7 Septemba 2025, ukaonekana kwetu kuanzia saa 2:30 usiku, na Jua likapatwa sehemu tarehe 21 mwezi huohuo, upande wa New Zealand.

MASWALI YA WANACHAMA

Dogo_Ngarenaro: Mkuu nimetumia tochi ya simu, kivuli kimekuwa kikubwa kuliko chungwa lote. Kipimo chako kina makosa.

Mwandishi: Hatua ya 3 inasema Jua. Tochi iko karibu, miale yake inatawanyika, kivuli kinapanuka. Kipimo hakina kosa.

Mzee wa Kijenge: Kwa hiyo Mwezi kupungua na kuwa nusu ni kivuli cha Dunia?

Mwandishi: Hapana, mzee wangu. Nusu ile ni upande wa Mwezi usioangaziwa na Jua. Shika gololi mkono ulionyooka, Jua likiwa begani, ujizungushe taratibu: utaona hilali, nusu, kisha mpevu. Kivuli cha Dunia huhusika usiku wa Mwezi mpevu tu, tena mara chache.

Binti_Majengo: Shikamoo mwalimu. Mwaka 2016 kule Rujewa, Mbeya, Jua lilibaki kama pete. Kwa nini halikufunikwa lote?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri sana. Ncha ya kivuli cha Mwezi haikufika ardhini tarehe 1 Septemba ile. Ijaribu: giza kamili la gololi yako huishia kama sentimita 172 nyuma yake. Toboa tundu la pili sentimita 164 kutoka kwenye chungwa (Mwezi ukiwa karibu, kilomita 356,500) na la tatu 187 (ukiwa mbali, 406,700). Kwenye 164 unapata nukta nyeusi ya milimita moja juu ya chungwa. Anayesimama humo ndiye anayeona giza la mchana. Kwenye 187 nukta inapotea, ukungu tu unabaki, na aliye katikati yake anaona pete. Tarehe 2 Agosti 2027 nukta hiyo itapita Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6. Sisi tutaona Jua limemegwa tu.

Mpita_Njia: Kwa nini Jua halipatwi kila mwezi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Fundi_UsaRiver: Miwani yangu nyeusi ya jua inatosha kuangalia hiyo ya 2027? Au filamu ya eksirei?

Mwandishi: Haitoshi, na filamu haitoshi. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14, si 10 wala 11 vya kawaida vya karakana. Huna? Toboa tundu la sindano kwenye boksi, uelekeze mwanga kwenye karatasi umbali wa mita 1: Jua litatokea kama duara la milimita 9, nalo utaliona likimegwa.

Mama Kijenge: Chini ya mwembe wetu kuna viduara vya mwanga ardhini. Ni hicho hicho?

Mwandishi: Ndicho hicho, mama. Nafasi kati ya majani ni matundu. Kila kiduara ni picha ya Jua. Siku ya kupatwa vyote vinakuwa hilali.

Ustadhi_Njoro: Nimeona Jua hupatwa mwisho wa mwezi wetu, kabla ya kuandama. Daima?

Mwandishi: Daima. Mwezi ukiwa upande wa Jua hauonekani. Mwandamo huonekana jioni moja au mbili baadaye.

Mwl_Sakina: Nje ya mada kidogo. Kuna siku kivuli cha mlingoti hapa Arusha hupotea?

Mwandishi: Karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba. Lakini usikingoje saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45, sisi tuko karibu na 36.7, kwa hiyo tunachelewa dakika 33. Tena kuna mabadiliko ya mwaka: Machi Jua huchelewa dakika 10 zaidi, Oktoba huwahi dakika 10. Machi kingoje saa 6:43, Oktoba saa 6:23. Moshi toa dakika 2 na nusu.

Mwl_Sakina: Na Juni?

Mwandishi: Mlingoti wa mita 1 mchana wa tarehe 21 Juni hutoa kivuli cha sentimita 50 kuelekea kusini. Desemba 21, sentimita 36 kuelekea kaskazini. Wape wanafunzi chaki, waweke alama kila Ijumaa ncha ya kivuli inapokuwa fupi kabisa.