Viporo vya Samaki, Wali na Viazi Vitamu: Namna ya Kuvitumia Jikoni

Katika nyumba nyingi za Mwanza, chakula kinachobaki usiku hufunikwa ndani ya sufuria na kuachwa jikoni mpaka asubuhi, ndipo mpishi anapokinusa na kuamua kama kitaliwa au kitamwagwa. Kwa maoni yangu, uamuzi huo huwa umechelewa. Kiporo kinapaswa kupangiwa kazi usiku uleule, kabla vyombo havijaoshwa, kwa sababu chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2, na pua haiwezi kutegemewa, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyoleta maradhi havibadilishi harufu wala ladha ya chakula.

Tuanze na samaki, ambaye ndiye hupotea zaidi. Anayenunua sato au sangara mzima mwaloni amelipia pia kichwa, mkia na mifupa, na inasikitisha kuona sehemu hizo zikitupwa mara minofu inapotolewa. Ondoa matamvua, kwani ndiyo huleta uchungu, kisha osha kichwa na mifupa hadi damu yote iishe. Bandika katika maji baridi yanayofunika tu, pamoja na kitunguu, tangawizi na nyanya moja, uache vichemke taratibu kwa dakika 25 au 30 bila kuzidisha, kisha chuja na ukamulie ndimu baada ya kuepua. Supu hiyo hunyweka yenyewe, na pia hufaa kupikia mchuzi wa siku hiyo badala ya maji. Nasisitiza kwamba nazungumzia mifupa iliyotolewa wakati wa kupasua samaki. Ile iliyokwisha pita kwenye sahani za walaji haifai kurudi chunguni.

Samaki aliyekwisha kupikwa na kubaki achambuliwe miiba kwa vidole, polepole na penye mwanga wa kutosha, hasa akiwa sato, ambaye ana miiba midogo inayojificha. Nyama yake huchanganywa na viazi mviringo vilivyopondwa, kitunguu, pilipili hoho na chumvi, ikafinyangwa, ikachovywa kwenye yai na kukaangwa kuwa katlesi. Dagaa wakavu wachache waliobaki mfukoni nao waoshwe vizuri, maana wengi huanikwa juu ya mchanga, wakaushwe, wakaangwe bila mafuta na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo hukoleza sufuria nzima ya maharage.

Wali unahitaji uangalifu wa pekee. Mchele hubeba mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa na uvuguvugu usiku kucha bakteria hao huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Kwa hiyo utandaze kwenye sinia ili upoe upesi, uuweke katika jokofu, na kesho yake uukaange kwa kitunguu na karoti mpaka uwe wa moto kabisa. Wengine huusaga pamoja na mchele ulioloweka wanapoandaa vitumbua, navyo hutoka laini. Asiye na jokofu apime mchele wake vizuri kabla ya kubandika, wala asilaze wali.

Ugali uliotunzwa vizuri ukatwe vipande vyembamba na kukaangwa kwa mafuta kidogo hadi ukauke juu, uliwe na chai.

Kwa viazi vitamu, Wasukuma walikwisha tupatia jibu. Viazi vibichi vilivyomenywa, kukatwa na kuanikwa huitwa michembe. Vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa huitwa matobolwa. Hivyo viazi vilivyobaki kwenye sufuria baada ya chai ya asubuhi tayari vimefika nusu ya safari ya kuwa matobolwa. Vikate vipande vyembamba siku hiyohiyo, jua likiwa bado kali, uvitandaze juu ya ungo au mkeka safi ulioinuliwa kutoka ardhini, uvigeuze mara kwa mara, na jioni uviingize ndani visipatwe na umande. Endelea kuanika mpaka kipande kikivunjwa kisionyeshe unyevu katikati, kisha hifadhi katika chombo chenye mfuniko unaobana.